Naftali Temu: Bingwa wa kwanza aliyekubali kuwa wa tatu

ZIKIWA zimesalia takriban mita 50 kufika utepeni, askari mmoja kutoka milima ya Gusii alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia na kuiandika Kenya katika orodha ya mataifa yenye bingwa wa Olimpiki. Ilikuwa Jumapili, Oktoba 13, 1968, katika uwanja wa Chuo Kikuu jijini Mexico City. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru.

Jina lake lilikuwa Naftali Temu, na umri wake miaka 23. Nishani aliyovishwa siku hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika historia ya michezo hiyo. Vitabu vya shule vinaitaja kwa sentensi moja, watangazaji wa redio huikumbuka kila baada ya miaka minne, kisha habari zake hukomea hapo, kana kwamba mtu huyo alizaliwa Mexico alasiri ile na kuyeyuka usiku wake.

Ukweli ni kwamba baada ya utepe ule Temu aliishi miaka mingine 34. Tena yaliyomkuta katika juma moja tu lililofuata yana mafunzo kuliko dhahabu yenyewe, kwani bingwa huyo alirudi uwanjani mara tatu zaidi, akaumaliza wa tatu mchezo mmoja na wa 19 mwingine, mbele ya watu wale wale waliokuwa wamemshangilia. Wanamichezo wengi wa hadhi yake wasingethubutu.

Kumbukumbu za Olimpiki zinamwandika kuwa mzaliwa wa Sotik, Aprili 20, 1945. Sotik ni mpakani, mahali ambapo ardhi ya Abagusii inakutana na ya Wakipsigis, na mashamba ya chai hayajui ni wapi jamii moja inaishia na nyingine inaanzia. Temu alikuwa Mgusii, wa upande ambao wakati huo ulikuwa wilaya moja kubwa ya Kisii na ambao leo umegawanyika kuwa kaunti za Kisii na Nyamira.

Anayeifahamu sehemu hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini ilizaa wakimbiaji. Ni nchi ya milima na mabonde yaliyosongamana, na sehemu kubwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huku miinuko ya Nyamira ikikaribia na hata kupita mita 2,000. Mtoto anayetumwa mtoni huteremka mbio na kupanda akitweta. Njia tambarare ya kilomita moja ni adimu. Mapafu ya watu wa huko hujifunza kazi mapema, na bila kufundishwa na mtu.

Abagusii pia walikuwa na desturi ya ubingwa kabla ya Temu kuvaa viatu vya mbio. Leo Kenya ikitajwa katika riadha, fikira za dunia hukimbilia Iten, Eldoret na Kapsabet. Miaka ya 1950 haikuwa hivyo. Mkenya wa kwanza kutikisa mbio ndefu za kimataifa alitoka Kisii: Nyandika Maiyoro, aliyemaliza wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Vancouver mwaka wa 1954. Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, mara ya kwanza kwa Kenya kushiriki, na wa sita mjini Rome mwaka wa 1960. Husimuliwa hadi leo jinsi alivyochelewa kufika kwenye mstari wa kuanzia huko Antananarivo mwaka wa 1953, akaanza wenzake wakiwa wamekwishatangulia kwa mbali, na bado akashinda. Mwaka wa 1958, mjini Cardiff, Mgusii mwingine, Arere Anentia, alitwaa shaba ya maili sita, moja ya nishani mbili za kwanza za Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola.

Kwa hiyo Temu alipochipuka, kijana wa Kisii kukimbia vizuri halikuwa jambo la ajabu. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Jambo la ajabu lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa amefika mwisho wa njia.

Alijiunga na jeshi. Katika miaka hiyo jeshi, polisi na magereza ndizo zilizokuwa shule za riadha nchini, kwa sababu kanuni za kimataifa zilimkataza mwanariadha kulipwa kwa kukimbia. Aliyetaka kukimbia alihitaji mwajiri wa kumlisha na kumpa muda wa mazoezi. Zawadi ilikuwa nishani, kombe au saa ya mkononi, na mwisho wa mwezi mshahara wa askari.

Safari yake ya kwanza ya Olimpiki ilikuwa Tokyo mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 19. Alikimbia marathoni na kumaliza wa 49. Shujaa wa Kenya kule Tokyo alikuwa Wilson Kiprugut, aliyeshinda shaba ya mita 800, nishani ya kwanza kabisa ya taifa hili katika Olimpiki. Jina la Temu halikuandikwa popote penye herufi kubwa.

Ni vyema msomaji ashike idadi hiyo, 49, kwa kuwa inaeleza jambo kuhusu mtu huyu ambalo dhahabu huificha. Alianza nyuma kabisa. Alijua sura ya migongo ya watu 48 kabla ya kujua raha ya kutokuona mgongo wowote.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1966, michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, Jamaika. Katika maili sita dunia nzima ilikuwa na jina moja mdomoni: Ron Clarke wa Australia, mhasibu aliyevunja rekodi nyingi za dunia kiasi kwamba magazeti yalichoka kuzihesabu. Temu alimfuata Clarke, akamfuata, akamfuata tena, kisha akamwacha. Alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 14.6, na pengo kati yake na bingwa huyo lilikuwa kubwa mno kuitwa bahati. Katika michezo hiyo hiyo Kipchoge Keino alishinda maili moja na maili tatu, na katika maili tatu aliyekuwa nyuma yake alikuwa Clarke yule yule. Hapo ndipo dunia ilipoanza kujiuliza Kenya ni nchi gani.

Mwaka wa 1968 ulipofika, nusura Waafrika wasiende Mexico kabisa. Mataifa mengi ya bara hili, Kenya ikiwemo, yalitishia kususia endapo Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ingeruhusiwa kushiriki. Mwaliko wa Afrika Kusini ulipofutwa, safari ikawezekana.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni hafifu, na mkimbiaji aliyezoea miji ya pwani hupungukiwa na oksijeni kabla ya kufika nusu ya mbio ndefu. Kwa miezi kadhaa kabla ya michezo madaktari wa Ulaya walibishana iwapo ni haki kuwakimbiza watu katika mahali kama hapo. Huko Nyamira na Kisii hakuna aliyeona ubishi wowote. Mtu wa Borabu angetoka nyumbani na kufika Mexico akiwa karibu katika mwinuko ule ule aliouacha.

Fainali ya mita 10,000 ilipigwa siku ya kwanza ya riadha, mizunguko 25. Mwendo ulianza kwa kinyonga. Kila mmoja aliiogopa hewa, na kundi kubwa likaenda pamoja kama wasafiri wasiojua njia. Katika mizunguko ya mwisho wakaanza kuchujana. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa nyongo, alikamatwa na maumivu makali ya tumbo, akajikunja na kuangukia kando ya njia, akainuka, akaendelea, lakini alikuwa amekwisha kuondolewa kwa kutoka nje ya mstari. Clarke alianza kuishiwa nguvu. Wakabaki watu watatu wa Afrika: Temu, Wolde na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Wote watatu walikuwa askari.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Wolde aliondoka. Aliondoka kwa nguvu, na kwa muda ilionekana shughuli imekwisha. Temu hakuhangaika kumrukia papo hapo. Aliacha pengo liwe pengo, akalipunguza kidogo kidogo kwenye kona, kisha katika mita za mwisho akampita. Muda wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu. Gammoudi akafuata kwa dakika 29 na sekunde 34.2.

Muda huo haukuwa wa kutisha. Rekodi ya dunia ya Clarke wakati huo ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4, na hata Emil Zátopek alikuwa amekimbia kasi zaidi ya Temu aliposhinda Helsinki mwaka wa 1952. Lakini mbio za fainali hazikimbiwi dhidi ya karatasi. Clarke, mwenye rekodi, aliufikia utepe wa sita, akazimia, akalazwa chini na kuwekewa oksijeni huku daktari wake akilia.

Hapa hadithi za mabingwa huwa zinafungwa. Wimbo wa taifa, bendera, machozi. Hii yetu ndipo inapoanza.

Temu alikuwa ameandikishwa pia katika mita 5,000 na marathoni. Angeweza kusema amechoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na dhahabu ya kwanza ya nchi yake mfukoni, na kila mbio nyingine ilikuwa hatari ya kuichafua. Bingwa mwenye busara ya biashara hujiondoa akiwa juu, akaacha watu wabaki na picha moja tu ya kumkumbukia.

Temu akapiga mchujo wa mita 5,000, akapita, na Oktoba 17 akasimama tena kwenye mstari. Safari hii mzunguko wa mwisho ulikuwa wa Gammoudi, aliyeshinda kwa dakika 14 na sekunde 5. Keino, pamoja na ugonjwa wake, alikuwa wa pili kwa tofauti ya sekunde 0.2. Temu alikuwa wa tatu, kwa dakika 14 na sekunde 6.4.

Siku nne kabla, Gammoudi alikuwa wa tatu nyuma ya Temu. Sasa Temu alikuwa wa tatu nyuma ya Gammoudi. Walikuwa wamebadilishana vidato kama watu wawili wanaopishana ngazini.

Oktoba 20 ikafika siku ya marathoni. Mwanzoni Temu alikuwa miongoni mwa walioongoza. Mvunjaji rekodi Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Rome na Tokyo, aliumia na kuacha mbio kabla ya nusu ya safari. Kisha Wolde, mwenye umri wa miaka 36 na fedha yake ya juma lililotangulia, akachukua usukani, na hakuna aliyemwona tena ila mgongo. Temu akaanza kurudi nyuma. Mmoja akampita, wa pili, wa tatu, hadi kumi na kitu. Hakuacha njia. Alimaliza wa 19.

Tuhesabu, kwa sababu hesabu hii haitajwi inavyostahili. Wanaume watatu walisimama jukwaani Oktoba 13: Temu dhahabu, Wolde fedha, Gammoudi shaba. Kufikia Oktoba 20 kila mmoja wao alikuwa na dhahabu yake. Temu katika mita 10,000, Gammoudi katika mita 5,000, Wolde katika marathoni. Kwa siku nane watu watatu waligawana nafasi ya kwanza kama majirani wanaopeana zamu kwenye kisima, na hilo liliwezekana kwa sababu kila mmoja wao alikuwa tayari kushindwa na wawili wengine. Kama Wolde angekasirishwa na ile sekunde 0.6 na kupanda ndege, asingekuwa bingwa wa marathoni. Kama Temu angeilinda dhahabu yake kwa kukaa kitini, Kenya ingekosa shaba.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Siku hizi methali hiyo tunaitupa kwa aliyeshindwa tu, kama mfariji anavyogawa chai matangani. Haikutungwa kwa ajili hiyo. Inamhusu zaidi aliyeshinda jana na ambaye leo lazima aamue kama atarudi uwanjani.

Kenya ilirudi nyumbani na nishani tisa. Amos Biwott alitwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Keino dhahabu ya mita 1,500, siku ile ile Temu alipokuwa akihangaika barabarani katika marathoni. Ushindi wa Keino, kijana wa Kinandi mwenye tabasamu lililopendwa na kamera, ulifunika mengine yote. Hata leo Mkenya wa kawaida akiulizwa nani aliiletea nchi dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, wengi hujibu Keino bila kusita. Temu alikuwa wa kwanza hata kabla ya wa kwanza anayekumbukwa, na hakuna kumbukumbu inayoonyesha kwamba alipata kugombania nafasi hiyo.

Rais Jomo Kenyatta alimtunuku shamba huko Borabu, kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi Wazungu, ambako baada ya uhuru serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wananchi makao. Ni nchi nzuri: malisho ya ng'ombe wa maziwa, chai, na baridi ya asubuhi inayomfanya mgeni kutoka Kisumu aulize kama kuna koti la kuazima. Kwa kijana wa miaka 23 aliyekuwa akipokea mshahara wa askari, shamba lilikuwa zawadi yenye maana kuliko nishani.

Miaka iliyofuata haikuwa ya ushindi. Mwaka wa 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Temu alikimbia mita 10,000 na kumaliza mbali nyuma. Mshindi alikuwa Lachie Stewart wa Scotland, na wa pili, kama ilivyokuwa desturi yake, Ron Clarke.

Clarke anastahili aya yake. Alivunja rekodi baada ya rekodi, na hakuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki wala ya Jumuiya ya Madola. Mwaka wa 1966 alimtembelea Zátopek jijini Prague, na walipoagana mwenyeji wake alimtia mkononi kifurushi kidogo. Alipokifungua ndani ya ndege alikuta nishani ya dhahabu ya mita 10,000 ya Helsinki, 1952. Mzee Zátopek alikuwa ameshinda dhahabu tatu katika michezo hiyo moja, na akaona moja inamfaa zaidi mtu mwingine. Haya yalitukia kabla ya Mexico. Clarke alipolala chini uwanjani akivuta oksijeni, dhahabu ya mita 10,000 alikuwa nayo nyumbani tayari, ila haikuwa ile aliyokwenda kuitafuta. Alifariki mwaka wa 2015.

Turudi Edinburgh. Huko huko ambako Temu alikuwa akififia, vijana wengine wa Gusii walikuwa wakiwaka. Charles Asati alishinda mita 400. Robert Ouko, mzaliwa wa Manga katika Nyamira ya leo, alishinda mita 800. Wawili hao, pamoja na Hezekiah Nyamau na Julius Sang, wakashinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne.

Kisha ikaja Munich, 1972. Wolde, akiwa na miaka 40, alipata shaba ya marathoni. Gammoudi alianguka katika fainali ya mita 10,000, akapata fedha katika mita 5,000. Temu, mdogo wao wote, mwenye miaka 27, hakuvuka mchujo. Nafasi yake kama bingwa wa mita 10,000 ikachukuliwa na Lasse Viren wa Finland.

Lakini Septemba 10, siku moja kabla ya michezo hiyo kufungwa, Kenya ilishinda dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana vijiti. Asati alimpa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, Ouko akampa Sang, na Sang akafika utepeni. Watatu wa kwanza walikuwa Wagusii. Nafikiri hakuna mbio zinazofaa zaidi kusimama karibu na jina la Temu katika mwaka ule. Katika mbio za vijiti wakimbiaji watatu kati ya wanne hawaugusi utepe. Kazi yao ni kukimbia hadi mapafu yawake moto, kisha kumwachia mwingine kijiti na kubaki wakitazama.

Temu aliacha riadha na kurudi Borabu. Hakufungua shule ya mabingwa wala kuwa sura ya matangazo, biashara ambayo katika miaka hiyo karibu haikuwepo. Hakuwania ubunge, ingawa katika siasa za Kenya jina lake pekee lingetosha kumfikisha mbali. Kati ya Kijauri na Nyansiongo alikuwa mkulima miongoni mwa wakulima.

Ni rahisi kuyaeleza maisha hayo kama masikitiko, na makala mengi yameeleza hivyo: shujaa aliyesahauliwa. Kuna ukweli. Taifa lilimkumbuka mara chache mno, na kwa miaka mingi halikujua la kufanya na bingwa ambaye hashindi tena. Kosa hilo ni letu, sisi waandishi wa michezo tukiwa mstari wa mbele. Msamiati wetu una maneno mia moja ya kushinda: kutwaa, kunyakua, kutamba, kuibuka kidedea. Ya kushuka kwa heshima hatuna hata kumi. Methali tunayoipenda ni aliye juu mngoje chini, nayo ina harufu ya husuda. Temu hakumpa mtu nafasi ya kumngoja. Aliteremka mwenyewe, kwa miguu yake, hatua baada ya hatua: wa kwanza, wa tatu, wa 19, nje ya mchujo, shambani.

Tena yaliyompata yeye yaliipata pia sehemu aliyotoka. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 ukuu wa mbio ndefu ulihamia Bonde la Ufa, na Kisii, iliyokuwa ya kwanza, ikawa sehemu inayotajwa baada ya nyingine. Haikukauka. Julai 10, 1993, mjini Oslo, Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii na bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 1991, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Rekodi hiyo ilidumu mwaka mmoja na siku chache, kisha William Sigei akaichukua. Wakati huo Temu alikuwa na miaka 48.

Mwanzoni mwa karne hii wale askari watatu wa Mexico walianza kupungua. Wolde alikuwa amefungwa jela kwa miaka mingi nchini Ethiopia baada ya kuanguka kwa utawala wa Mengistu Haile Mariam, akaachiliwa Januari 2002 na kufariki Mei mwaka huo huo. Temu aliugua saratani ya tezi dume na kulazwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Alifariki Machi 10, 2003, ikiwa imesalia miezi michache tu ya kutimiza miaka 35 ya dhahabu yake, na miezi kumi hivi baada ya mtu aliyempita katika mita 50 za mwisho.

Tangu siku ile ya Mexico, Kenya imeshinda karibu kila kitu kinachoweza kushindwa kwa miguu. Imekuwa na mabingwa wa Olimpiki wa mita 800, mita 1,500, mita 5,000, viunzi na maji, na marathoni. Wanawake wake, ambao mwaka wa 1968 hawakuwa hata na mbio ya mita 10,000 ya kukimbia katika Olimpiki, walipata dhahabu ya umbali huo jijini Paris mwaka wa 2024 kupitia Beatrice Chebet.

Kwa wanaume mambo yamekuwa mengine. Richard Chelimo alipata fedha mwaka wa 1992. Paul Tergat alipata fedha mwaka wa 1996, na tena mwaka wa 2000 mjini Sydney, alipopitwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 0.09, pengo dogo hata kuliko lile la Temu na Wolde. Paul Tanui alipata fedha mwaka wa 2016. Agosti 2, 2024, jijini Paris, dhahabu ilimwendea Joshua Cheptegei wa Uganda, na jukwaani hapakuwa na Mkenya. Katika safu ya mabingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 upande wa wanaume, jina la Mkenya bado ni moja tu, na muda ulioandikwa kando yake ni dakika 29 na sekunde 27.4.